Fuata Maji Kwanza, Bodi Baadaye: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Mashine za Kufulia

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye mashine mliokuja kusikiliza, habari za mchana. Naanza na jambo lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi. Mashine ya kufulia ya mlango wa juu ikigoma hapa Kampala, neno la kwanza la fundi ni "bodi imekufa", yaani ile sakiti inayoiongoza mashine. Hajaigusa, hajauliza maji yanatoka wapi wala yanaenda wapi. Bodi inang'olewa, mteja anatafutiwa nyingine kwa pesa nyingi, inafungwa, na mashine inagoma vile vile. Halafu mteja anaambiwa hata hii mpya ni feki. Mimi nasema huu ni uonevu, na dawa yake haihitaji shule ya elektroniki.

Mashine hii inaongozwa na maji. Inangoja maji yafike kiwango, ndipo isukume nguo. Inangoja maji yaishe, ndipo ikamue. Nusu ya mashine ninazosikia zimekufa ziko katika kungoja tu, na mtu asiyetazama hawezi kujua inayongoja na iliyokufa.

Tuchukue maji yanayoingia. Tazameni nyumba zetu za kupanga za Kireka, Ntinda, Naalya: tenki la plastiki liko juu ya stendi au juu ya paa, bomba jembamba linashuka hadi bafuni. Sasa someni kibandiko cha nyuma ya mashine. Nyingi zinataka presha isiyopungua MPa 0.03, yaani bar 0.3. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa karibu bar 0.1. Kwa hiyo kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi kwenye valvu ya mashine, yaani mlango wa maji unaofunguliwa kwa umeme, unahitaji mita 3 kamili, na valvu yenyewe iko karibu mita moja juu ya sakafu. Stendi ya mita 2 haitoshi maji yakipungua ndani ya tenki, hata likiwa la lita 5,000. Ukubwa wa tenki hauongezi presha, kimo ndicho kinachoongeza. Ndiyo maana katika ghorofa mpangaji wa juu kabisa, aliye karibu na tenki, ndiye anayelalamika, na wa chini hana neno. Mashine ya huyo wa juu inajaa polepole, muda unapita, inaandika kosa. LG itaandika IE, Samsung itaandika 4E au 4C. Fundi anasoma herufi hizo na kutangaza kifo cha valvu au cha bodi. Jamani! Herufi hizo zinasema maji hayakufika kwa wakati. Hazikutaja kifaa chochote.

Kipimo changu ni jerikani. Chukua jerikani mbili za lita 20. Mashine ya kilo 7 au 8, iwekee kiwango cha chini kabisa cha maji, chagua kufua tu, washa, kisha mimina maji ndani kwa mkono, jerikani ya kwanza na ya pili. Maji yakifika kiwango, kihisio kinaiambia bodi, na mashine inaanza kusukuma nguo. Ikianza, umeshajua mengi kabla ya kushika bisibisi: bodi inafikiri vizuri, kihisio cha maji kizima, mota nzima, kapasita, ile inayoipa mota nguvu ya kuanza, nayo nzima. Ugonjwa utafute kwanza kati ya bomba la ukutani na valvu. Kipimo hiki hakina gharama, na mwenye mashine anaweza kukifanya mwenyewe kabla hajampigia fundi simu.

Ukishajua hivyo, funga bomba, chomoa plagi, fungua mpira wa kuingizia maji. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha wavu. Kivute taratibu kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani. Maji yakikatika siku mbili kisha yakarudi, huja na kutu na udongo mwekundu, na vyote vinakwama hapo. Mpira wenyewe nao, kwenye mashine nyingi, una wavu wa pili upande wa bomba, na wengi wanausahau. Kisha weka mpira ndani ya ndoo na ufungue bomba: ukiona maji yanachuruzika badala ya kuruka, tatizo ni presha, na hapo unanunua pampu ndogo ya kuongeza presha au unapandisha stendi. Kama yanaruka na mashine bado haijai, ndipo upime valvu. Toa waya zake mbili, weka maltimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye omu, kipimo cha kilo-omu 20. Koili ya valvu ya volti 220 hadi 240 kwa kawaida inasoma kati ya kilo-omu 3.5 na 5. Isiposoma kitu, imeungua, badilisha. Ikisoma vizuri, rudisha waya, na wakati mashine inaomba maji pima volti kwenye ncha zake, ukiwa na viatu vikavu na sakafu kavu. Volti zipo na maji hayaji: valvu imeziba ndani. Volti hazipo: sasa, na ni sasa tu, una haki ya kuitazama bodi na waya zake.

Kinyume chake, mashine inayojaa bila kikomo, ichomoeni plagi mtazame. Maji yakiendelea kuingia bila umeme, bodi haina hatia, valvu ina uchafu chini ya mpira wake, au presha ni ndogo mno kuufunga. Yakikoma, tazama kimpira chembamba cha hewa kinachopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye kihisio. Kikichomoka, kikitoboka au kikiwa na tope, mashine haijui kwamba imejaa. Na kabla ya yote hayo tazama mpira wa kutolea: maji yakiingia huku na kutoka kule, halijai pipa hata likingoja hadi kesho.

Najua kuna fundi hapa anasema moyoni: mteja hatanilipa kwa kusafisha wavu. Atalipa, ukimwambia mapema. Tajeni pesa ya kupima kabla ya kufungua mashine, na muidai hata mkikuta kosa ni uchafu tu. Fundi anayeogopa kudai ada ya kupima ndiye anayelazimika kuuza bodi ili apate chakula cha jioni. Na wewe mwenye mashine, ukikataa kulipia utambuzi unamfundisha fundi kukuuzia spea usiyoihitaji.

Haya, maji yanayotoka. Lalamiko ni "haikamui". Swali langu ni moja: pipa lina maji? Kama lina maji, usiiguse mota, kwa sababu mashine inakataa kukamua kwa haki. Mashine nyingi za mlango wa juu zinazouzwa kwetu hazina pampu ya kutoa maji. Kuna mota ndogo inayovuta waya, waya unafungua valvu ya chini, na maji yanashuka yenyewe. Kwa hiyo mpira wake lazima ulale chini. Mtu anaupitisha juu ya kizingiti cha bafu, au anauning'iniza kwenye sinki, anashangaa mashine inaandika kosa la maji kutotoka: OE kwenye LG, au 5E na 5C kwenye Samsung. Njia yote ya mpira isipande zaidi ya sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, mpira usiwe mrefu kuliko mita 2 au 3, na ncha yake isizame ndani ya maji. Zipo za pampu, na hizo ni kinyume kabisa: mpira wake unapandishwa hadi karibu sentimita 90, ukiulaza chini maji yanajivuta yenyewe mashine ikiwa inafua. Sikilizeni tu: ya pampu hunguruma wakati wa kutoa maji, isiyo na pampu hutoa mlio mfupi wa kuvuta kisha maji yanatiririka.

Waya ule ule unaofungua valvu ndio unaovuta mkono wa klachi, pipa liachiwe breki na lishikane na mota kwa ajili ya kukamua. Hili likumbukeni. Mota ndogo ya kuvuta ikichoka, unapata mashine inayofua vizuri, haitoi maji, haikamui. Dalili tatu, spea moja ya bei ndogo. Chagua kukamua, chungulia kwa nyuma au chini: waya unavutika na kushikilia? Ukivutika ukaachia, mota hiyo imechoka. Ukivutika vizuri na maji hayatoki, chomoa plagi, fungua kifuniko cha valvu, toa mpira na springi yake, utakuta sarafu, kibanio cha nywele, uzi wa soksi.

Muda unanikimbia, kwa hiyo mota na mengine nayasema haraka. Mashine inayounguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa mkono inaendelea: kapasita. Chomoa plagi, iondolee chaji, pima. Ikiwa chini ya maandishi yake kwa zaidi ya asilimia 10, weka nyingine ya mikrofaradi zile zile na volti zisizopungua, mara nyingi 450. Inayozunguka upande mmoja tu: hiyo si kapasita, ni waya au swichi ya ndani ya bodi, na hapa nakubali bodi ishtakiwe. Harufu ya mpira na nguvu ndogo: mkanda. Ukiubonyeza katikati uzame kama sentimita moja, ukizidi legeza bolti za mota uivute. Inayoruka ikikamua: kwanza miguu minne na sakafu, pili nguo zimekaa upande mmoja, tatu fimbo nne za kuning'inizia pipa. Bonyeza pipa uliachie, likicheza zaidi ya mara moja fimbo zimechoka, badilisha zote nne pamoja, na tazama rangi kabla ya kutoa kwa sababu kwenye mashine nyingine hazifanani. Na sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono ina povu jingi mno, povu linazuia maji kutoka na kukamua kunakatizwa. Punguzeni, au nunueni ya mashine.

Umeme. Ukikatika, chomoa plagi, subiri urudi na utulie ndipo uchomeke. Mashine ikinyamaza kabisa baada ya umeme kurudi kwa kishindo, tafuta kwenye bodi fyuzi na kile kipande cha duara, mara nyingi cha bluu, kilicho karibu na mahali umeme unapoingia. Kimepasuka kwa kuilinda bodi. Weka kingine chenye nambari ile ile pamoja na fyuzi, bodi nyingi zinaamka. Mashine za volti 120 kutoka Marekani msidanganywe kwamba transfoma inatosha. Inashusha volti, haibadilishi hezi 50 zetu kuwa 60, na mota iliyotengenezwa kwa 60 inazunguka polepole na kupata moto.

Waya wa ethi ufungwe, hasa bafuni. Kifuniko cha chini nacho kiwekwe, kwa sababu mashine nyingi ziko wazi chini na panya wanapanda kutafuna waya na kile kimpira cha hewa. Ya beringi na sili ya pipa siyagusi leo. Yanahitaji kulivua pipa lote, na hayafundishwi kwa maneno.