Mwalimu wa Miaka 14 Aliyeingia Seneti ya Utah

Mtangazaji wa 1: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia Martha Hughes Cannon, mzaliwa wa Wales, ambaye tarehe 3 Novemba 1896 alichaguliwa kuwa seneta wa kwanza mwanamke katika bunge la jimbo nchini Marekani. Kaka, wengi wanamjua kwa kisa kimoja tu, cha kumbwaga mumewe kwenye uchaguzi huo.

Mtangazaji wa 2: Kisa ni cha kweli, dada, ila husimuliwa kana kwamba walipambana ana kwa ana. Kaunti ya Salt Lake, jimboni Utah, ilikuwa na viti vitano vya seneti vilivyogombewa kwa pamoja. Mke alisimama kwa chama cha Democratic, mume, Angus, kwa Republican, na viti vyote vitano vikaenda kwa Democratic. Mimi navutiwa zaidi na yule msichana aliyeanza kufundisha shule akiwa na miaka 14.

Mtangazaji wa 1: Naye alikuwa na umbo dogo, huku baadhi ya wavulana darasani wakimzidi kimo na hawamsikilizi.

Mtangazaji wa 2: Akaacha ualimu, akawa mpanga herufi kwenye gazeti la Deseret News, akidunduliza akiba hadi akaenda Michigan kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1880, siku aliyotimiza miaka 23. Familia yake ilipohamia Utah mwaka 1861, mdogo wake alifia njiani, na baba akafariki siku tatu tu baada ya kufika. Sishangai kwamba alichagua udaktari.

Mtangazaji wa 1: Udaktari huohuo ukamponza, kwa kuwa serikali ilikuwa ikiwasaka Wamormoni, yaani waumini wa kanisa lake, waliokuwa na wake wengi, na daktari aliyewazalisha wake hao angeweza kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Yeye mwenyewe alikuwa mke wa nne, hivyo mwaka 1886 akakimbilia Uingereza na mtoto mchanga.

Mtangazaji wa 2: Aliporudi, alianzisha mafunzo ya wauguzi. Kwenye seneti ndipo ninapomwona tena yule mwalimu: alipeleka muswada wa kuwalazimu watoto viziwi na wasioona wasomeshwe, mwingine wa kuunda bodi ya afya ya jimbo, na mmoja kuhusu viti.

Mtangazaji wa 1: Viti vya bunge?

Mtangazaji wa 2: La, viti vya kukalia. Mwajiri alitakiwa kuwawekea wanawake viti wapumzike pale kazi inapokuwa imetulia. Mfikirie msichana wa dukani, amesimama kutwa nyuma ya kaunta hata pasipo mteja, jioni viatu havivuliki kwa uvimbe.

Mtangazaji wa 1: Mbona hakugombea tena?

Mtangazaji wa 2: Mwaka 1899, akiwa bado seneta, alijifungua mtoto wa tatu, ilhali kanisa lake lilikwishatangaza tangu 1890 kuachana na ndoa za wake wengi. Angus akashtakiwa, na siasa za mkewe zikaishia hapo. Alifariki Los Angeles mwaka 1932. Desemba 2024 sanamu yake ilizinduliwa katika jengo la Bunge mjini Washington, naye, aliyewatafutia wenzake viti, wamemchonga amesimama.