Jasusi ni nani? Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria na uandishi wa habari, Dodoma

Ndugu zangu, tangu Serikali ihamie hapa Dodoma na wizara kujengwa Mtumba, nasikia watu wakibandikwa jina la jasusi kwa wepesi unaonitisha. Mgeni akiuliza sana, shushushu. Akipiga picha jengo, jasusi. Jina hilo linaweza kumharibia mtu maisha, kwa hiyo tuliwekee mipaka.

Askari polisi anayefuatilia ng'ombe walioibwa Chamwino anafanya upelelezi. Ndio ule tunaoambiwa kila siku mahakamani kuwa haujakamilika. Ujasusi ni kutafuta siri za nchi au za jeshi kwa kificho, kwa nia ya kuzifikisha kwa adui au dola nyingine.

Kwa upande wa vita, Kanuni za The Hague za mwaka 1907, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu sheria za vita, ibara ya 29, zinasema wazi: askari aliyevaa sare, hata akipenya kwenye eneo la adui kutafuta habari, si jasusi. Tuitazame kwa historia ya hapahapa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, aliyepigana upande wa Waingereza, yaliingia Kondoa mwezi Aprili, na Julai yakaitwaa Dodoma na reli yake kutoka kwa Wajerumani. Tuseme askari wake mmoja alitangulia, sare mwilini, akahesabu mabehewa stesheni, akakamatwa. Huyo ni mateka wa vita. Mwenzake aliyejifanya mchuuzi wa chumvi, akahesabu mabehewa yaleyale ili akamweleze jenerali, ndiye jasusi. Habari ni moja. Kilichowatenganisha ni ule uongo.

Na hata huyo mchuuzi wa uongo, ibara ya 30 inakataza kumwadhibu kabla hajahukumiwa. Naiheshimu sana ibara hii. Kama vitani jasusi aliyefumaniwa anastahili kusikilizwa, sembuse jirani yako wakati wa amani?

Wakati wa amani zinatumika sheria za nchi. Sisi tuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Mwanadiplomasia ana kinga, ila Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unairuhusu nchi mwenyeji kutangaza kuwa hatakiwi, bila hata kueleza sababu.

Nanyi waandishi, kabla ya kuandika "jasusi", ulizeni: habari ilikuwa siri? Alijifichaje? Alikuwa akimpelekea nani? Mkikosa majibu, andikeni alichofanya tu: alipiga picha, aliuliza, aliingia bila kibali.

Karibuni kwa maswali.