Nyanya za trei: wiki ya mwisho kabla ya bustani

MWANAIDI: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko barazani na trei za nyanya. Shija, watu wengi wanalalamika kwamba miche inaota vizuri ndani, halafu inakufa mara tu inapohamishiwa bustanini.

SHIJA: Imelelewa kivulini, dada, kisha inatolewa juani mchana kweupe. Jani lililokulia ndani ni laini, linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Linababuka na kuwa jeupe. Mtu anadhani ni ugonjwa, anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa.

MWANAIDI: Na dawa haihusiki.

SHIJA: Haihusiki kabisa!

MWANAIDI: Tuanze na udongo wa trei basi.

SHIJA: Usichote wa bustanini ukautia hivyo hivyo. Unashikamana, na unaweza kuwa na vimelea vya kinyaushi. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, ni nzuri. Ukiikosa, chekecha mboji iliyoiva, changanya na mchanga. Mbegu moja kila tundu, kina cha sentimita 1 hivi. Kukiwa na joto, itachomoza kati ya siku 5 na 10.

MWANAIDI: Kinyaushi, kwa asiyekijua, ni pale shina linapooza usawa wa udongo, linakuwa jembamba kama uzi, mche unalala.

SHIJA: Na ukishalala hauinuki tena. Kinapenda udongo uliolowa muda wote, kwa hiyo mwagilia asubuhi, uache juu pakauke kidogo.

MWANAIDI: Wanaokaa ghorofani wanasema miche yao inarefuka upesi, wanafurahi.

SHIJA: Wasifurahi. Mche huo unatafuta mwanga. Sogeza trei dirishani, uigeuze kila siku. Uzuri wa nyanya ni kwamba hata ikirefuka kidogo, wakati wa kupanda unafukia sehemu ya shina, nalo linatoa mizizi.

MWANAIDI: Sasa kukomaza miche, yaani kuizoesha jua na upepo kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi wanaparuka.

SHIJA: Na ndiyo kazi yenyewe! Ikifika wiki ya tatu au ya nne, itoe nje saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha irudishe kivulini. Kila siku ongeza saa moja au mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 inatakiwa ishinde nje kutwa. Punguza maji, ila usiikaushe ikanyauka. Na mbolea ya naitrojeni weka pembeni kwanza, maana inaleta majani mororo.

MWANAIDI: Upepo je?

SHIJA: Upepo mdogo ni mzuri, unalifanya shina liwe nene. Ule mkali ukinge.

MWANAIDI: Niwakumbushe ndugu zetu wa Njombe na Makete, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania: Juni na Julai kuna sakitu, umande unaoganda kuwa barafu na kuunguza mimea. Huko trei zilale ndani, hata kama miche imeshakomazwa.

SHIJA: Kweli dada. Na popote ulipo, funika trei kwa neti yenye matundu madogo. Nondo wa kantangaze, yule ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, hangojei mche ufike shambani, anataga hata kwenye mche mchanga, nawe unapanda viwavi pamoja na nyanya.

MWANAIDI: Na siku ya kuhamisha?

SHIJA: Jioni, kuanzia saa 11. Mwagilia trei kwanza ili mche utoke na donge lake, loanisha shimo, panda, mwagilia tena. Ukiushika, shika jani. Jani likichanika litaota jingine, lakini shina likivunjika mche umekwisha.