Hofu ya Kutapika: Ndimu Mkobani, Wasiwasi Tumboni

REHEMA: Karibuni. Leo ni hofu ya kutapika. Hatusemi kule kuchukia matapishi tu, maana hakuna anayeyapenda. Tunasema hofu inayodumu miezi 6 au zaidi, mpaka mtu anaacha kula ugenini, anakwepa basi la mkoani, hata anaogopa kubeba mimba kwa sababu ya kichefuchefu.

SALIM: Na wengine hukonda, wakadhaniwa wanajinyima ili wapungue. Muulize anaogopa nini, kunenepa au kutapika? Tiba zake si moja.

REHEMA: Ieleze inavyojilisha, kaka Salim.

SALIM: Wasiwasi wenyewe huchafua tumbo. Mtu anahisi kichefuchefu kidogo, anashtuka, tumbo linazidi kuchafuka, anajiambia "sasa inakuja". Anatoa ndimu anusie, au pipi ya tangawizi. Hatapiki, na sifa zote zinakwenda kwa ndimu. Hapati nafasi ya kuona kwamba hata bila ndimu asingetapika.

REHEMA: Kwa hiyo wiki ya kwanza andika kila kinga unayoitumia: kunusa chakula mara tatu, kukaa karibu na mlango, kumuuliza mama "nitatapika?" Kisha punguza, ukianza na iliyo nyepesi kuiacha.

SALIM: Vidonge vya kuzuia kutapika navyo vimo. Metoklopramide, hasa kwa vijana, inaweza kukakamaza shingo na uso. Si ya kumeza kila ukipanda daladala.

REHEMA: Sasa mazoezi. Pangeni hatua kwa alama za hofu, 0 hadi 100. Kuandika neno "tapika" labda ni 20. Kulisema kwa sauti, kutazama mchoro, picha, kusikiliza sauti ya mtu anayetapika, kisha video. Juu zaidi, koroga uji, karoti iliyosagwa na siki, upige magoti chooni, uumwage huku ukitoa sauti ile.

SALIM: Anzia hatua yenye alama 30 au 40. Kabla hujaanza, andika unachotabiri: "nitatapika ndani ya dakika 5." Baki hapo, kisha soma ulichoandika. Rudia kila siku. Wanaokwama mara nyingi wamerukia video siku ya kwanza, wamekimbia hofu ikiwa kileleni, au wamefanya zoezi zima na pipi mdomoni.

REHEMA: Ongeza la mwilini: zunguka kwenye kiti dakika 1 upate kizunguzungu, ukae nacho bila kunywa maji. Na hakuna anayelazimishwa kutapika, tafadhali. Tiba haihitaji hilo.

SALIM: Jaribio la tiba ya namna hii lililochapishwa 2016 lilikuwa na watu 24 tu, kwa vikao 12. Nusu ya waliotibiwa walipata nafuu ya kweli. Ni dogo, ila linatia moyo.

REHEMA: Wa nyumbani, akiuliza "nitatapika?", msimwapie kwamba hatatapika. Mwambieni, "Naona hofu imekupanda, nipo hapa." Inauma kumnyima jibu, lakini jibu lile linamrudisha kuuliza tena.

SALIM: Ukitapika damu, ukipungua uzito au tumbo likiuma mfululizo, daktari kwanza. Ukifika kwa mwanasaikolojia, muulize mapema: "Tutafanya mazoezi ya kuikabili hofu, au tutazungumza tu?" Akisema tutazungumza tu, tafuta mwingine.