Taa ya Breki Inayopepesa: Umeme wa Land Rover ya Zamani

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Msikilizaji wetu ana Land Rover 109 Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Gari likiwa nyumbani kila kitu kinawaka. Akishika barabara ya vumbi, vituko vinaanza: anawasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Amebadilisha balbu, amebadilisha flasha, kile kidude kinachopepesesha indiketa, na sasa anaambiwa anunue seti nzima ya nyaya. Shikamoo, Mzee Side.

SIDE: Marahaba, mwanangu. Mwambie kwanza afunge pochi.

ZUHURA: (anacheka) Haraka hivyo?

SIDE: Kifaa kikifa, mara nyingi kimekufa moja kwa moja. Kinachokuja na kuondoka, mimi naanza na viungo: pale waya unapoingia kwenye soketi, au unapofungwa kwenye bodi. Na taa mbili zisizohusiana zikianza kuwaka kwa pamoja, huhitaji kupiga ramli. Tafuta ethi.

ZUHURA: Kuna wasiomiliki gari wanaotusikiliza. Waelezee.

SIDE: Umeme ukishafika kwenye balbu lazima urudi kwenye betri. Kwenye Land Rover unarudi kupitia bodi na chesisi, na njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Njia hiyo ikiziba, umeme wa indiketa unapenya kwenye balbu ya jirani ili upate pa kutokea, na hiyo ya jirani inawaka hafifu. Gari likitikisika kiungo kinashika, likitikisika tena kinaachia. Ndiyo maana nyumbani halina tatizo.

ZUHURA: Na hizi Land Rover zinasifika kwa ugonjwa huo.

SIDE: Bodi ni ya alumini, chesisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, na yeye yuko Tanga, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Watu wanatafuta kutu nyekundu, huo mweupe wanadhani ni vumbi.

ZUHURA: Lakini anasema fundi wake alipima kwa mita, akakuta sawa.

SIDE: Alipima ohimu, yaani ukinzani wa waya, tena taa zimezimwa. Mita kwenye ohimu inapitisha umeme kiduchu sana. Waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabaki na mmoja utasoma vizuri kabisa. Balbu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 2. Ule uzi mmoja utabanwa hapo.

ZUHURA: Kwa hiyo apimeje?

SIDE: Taa ziwe zinawaka. Mita aweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye ganda la taa ya nyuma pale ethi inaposhika. Mtu akanyage breki. Ikisoma chini ya volti 0.2, njia ya kurudi ni nzima. Ikisoma 2 au 3, hizo ndizo zinazopotea njiani. Halafu asogeze ile nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri: bodi, boliti, chesisi, ule waya mnene wa betri. Pale namba inaposhuka ghafla, tatizo ameliacha nyuma yake.

ZUHURA: Na namba ikiwa nzuri kwa sababu gari limesimama?

SIDE: Swali zuri hilo. Alitikise! Mmoja atazame mita, mwingine avute nyaya taratibu, apigepige soketi kwa mpini wa bisibisi. Tatizo la namna hii unalikamata likiwepo. Likishatoroka ukafungua na kusafisha kila kitu, hutajua kamwe lilikuwa wapi.

ZUHURA: Akilipata?

SIDE: Afungue boliti, apige msasa mpaka metali ing'ae, aweke washa mpya, ile pete ya boliti, apake grisi juu baada ya kukaza. Mimi ningeongeza waya mweusi kutoka kwenye kila taa hadi chesisi. Mweusi, tafadhali. Nyaya za Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, zina utaratibu wa rangi: kahawia una moto muda wote, mweupe unapata moto ukiwasha swichi, mweusi ni ethi. Fundi akiunga kwa rangi yoyote aliyonayo mfukoni, anamtesa atakayefuata.

ZUHURA: Mwishoni kasema pia kwamba geji ya mafuta na ya joto zinapanda juu pamoja, halafu zinashuka.

SIDE: Pamoja? Basi asiguse rejeta. Geji hizo mbili zinalishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, kinachopunguza volti 12 za betri ziwe kama 10. Kikikosa ethi, zote mbili zinapewa umeme mwingi kupita kiasi na kudanganya kuelekea upande mmoja. Ni skrubu ndogo tu hapo nyuma. Ila kabla hajaingiza mkono, achomoe hasi ya betri. Kuna nyaya huko hazipiti kwenye fyuzi yoyote.