Moyo Ulikuwa na Uhakika

Ahsanteni. Mwenyekiti ameniomba leo nisirudie kesi ya S. M. Otieno. Samahani, Mwenyekiti, nitairudia. Kila nikisikia mtu akisema "fuata moyo wako, moyo haudanganyi," mwaka 1987 hunirudia wote.

Vijana, wazazi wenu watawasimulia yaliyobaki. Otieno, wakili wa hapa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike Upper Matasia, huko Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema anazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, tukikaa mtaa wa Jericho, hapa hapa Nairobi. Baba alisema kumzika mtu nje ya kwao ni kumtupa; hata kulitaja tu nywele zilimsimama. Mama alisema kumpokonya mjane maiti ya mumewe kunamtia kichefuchefu. Gazeti likija, kila mmoja analisoma kimya, chai inapoa. Hakuna aliyekuwa anaigiza, maana usingizi uliwapaa wote wawili. Nyumba moja, mioyo miwili, na kila moyo una uhakika.

Haya, nionyesheni moyo uliokuwa dira.

Namwona bwana mmoja pale anatikisa kichwa. "Hiyo ni mila, Mwalimu, si maadili." Ungemwambia baba hivyo, ungetoka nje bila chai! Kwake ukuta kati ya mila na maadili haukuwepo. Tena shida yenyewe ndiyo hiyo: hisia haiji na kitambulisho. Haikwambii kama imetoka kwenye haki, au kwenye malezi, au ni woga tu umevaa kanzu. Odera Oruka, mwanafalsafa wetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliitwa mahakamani katika kesi ile kueleza mila za Waluo. Yaani profesa mzima anahojiwa: umeyajuaje haya? Moyo wako wewe, nani amewahi kuuhoji?

Ngoja, sijamaliza na Wambui. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Lo! Nchi nzima ikaona kinyaa. Waliotema mate ni wale wale waliokwisha kula pilau kwenye harusi ya mzee wa miaka 70 na binti wa miaka 22, wakaomba waongezewe. Sisemi kinyaa kile kilikuwa cha uongo. Nasema kigeuze: mweke mwanamume mahali pa mwanamke, kisha utazame. Kikiyeyuka, basi kilikuwa kinalinda mazoea, hakuna kingine.

Sasa msiende kusema nimewaambia mtupe hisia. Nilishaandikiwa barua kwa hilo. David Hume, yule Mskoti, alisema zamani kwamba akili peke yake haimsukumi mtu kutenda, na hapo sina ugomvi naye. Mtu asiyesutwa na lolote simwachii hata mbuzi wangu. Ila hisia ni mbwa anayebweka usiku. Unaamka, unawasha taa, unatazama. Humkati mtu panga kwa sababu mbwa amebweka. Wale wanaomzingira kijana kwenye steji ya matatu wakipiga kelele "mwizi!" waulizeni wanahisi nini. Watawaambia haki. Na kweli wanaihisi, mpaka kwenye ngumi.

Naonyeshwa karatasi ya dakika mbili. Huruma basi naipitia mbio: picha ya mtoto mmoja inafungua pochi, habari ya watoto elfu kumi haifungui. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe nyumbani. Hoja ya aibu naiacha.

Huwa naulizwa nani alishinda Jericho. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Baba aliusikia uamuzi redioni, akapiga makofi mara moja. Kisha akamtazama mama, akainuka, akaizima redio.

Maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma.