Kilo Zinazokamatwa na Vijana Waliobaki Mtaani

(Mhadhara kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, walimu, viongozi wa dini na wazazi, Temeke, Dar es Salaam)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu, walimu, mashehe na wachungaji mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Nitaanza nayo, kisha nitahamia huku kwetu mtaani, maana nusu ya kazi hiyo inafanyika huku, na ikikwama, inakwama huku huku.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Tume ya zamani, iliyotokana na sheria ya mwaka 1995. Ilikuwa tume ya kuratibu: inapanga, inashauri, inatoa elimu. Kumkamata mtu na kumpeleleza ilikuwa kazi ya polisi na wenzao wa forodha. Sheria mpya ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka, nayo ikaanza kazi mwanzoni mwa 2017, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ikiwa na meno yake yenyewe: kupekua, kukamata, kuzuia mali, kupeleleza kesi hadi ifike mahakamani. Makosa makubwa ya dawa za kulevya adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hayo mengi mnayasikia kwenye taarifa ya habari, sitakaa hapo sana.

Ila kuna jambo moja la upande huo lazima tulielewe, kwa sababu linaihusu pwani yetu. Heroini haitoki kwetu. Inatoka Afghanistan, inashuka mpaka pwani ya Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi kuja upande huu. Mara nyingi jahazi halifungi gati popote. Linasimama mbali, boti ndogo zinalifuata usiku, mzigo unashushwa kwenye bandari bubu. Na ninyi mnaijua pwani hii, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, ilivyojaa mikoko, vijito na fukwe zisizo na taa. Huwezi kuweka askari kila penye ufukwe. Ndiyo maana wavuvi na wakazi wa pwani ni watu muhimu katika vita hii kuliko hata wenye bunduki. Anayeona boti ngeni inashusha mzigo saa nane za usiku ni mvuvi.

Kazi imefanyika, na tuiseme. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, hapa Dar es Salaam na Iringa. Zaidi ya tani tatu. Mashamba ya bangi yamefyekwa Arumeru na Morogoro, mirungi imeng'olewa kule Same. Mimi nafurahi kila mara, kwa sababu nawajua vijana ambao mzigo ule ungewafikia kete kwa kete, vile vipakiti vidogo vya kuuzia.

Lakini jiulizeni: mzigo ukikamatwa baharini, yule kijana aliyekwisha kuzoea unga, yaani heroini, aliyeko maskani, kijiweni nyuma ya stendi, inakuwaje kwake asubuhi ya pili? Haachi. Anapata arosto, yaani mwili unamtesa kwa kukosa unga.

Naomba nikae hapa, kwa sababu wazazi wengi wanaiona arosto nyumbani na hawajui wanachokiona. Saa chache tu tangu kete ya mwisho, anaanza kupiga miayo isiyokwisha. Machozi yanamtoka bila kulia, pua inachuruzika. Anasikia baridi katikati ya joto la Dar es Salaam, vinyweleo vinamsimama. Kisha tumbo: anatapika, anaharisha. Mifupa inamuuma mpaka hawezi kulala upande wowote. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki hivi mwili unatulia, ila hamu inabaki miezi mingi, na hamu ndiyo inayomrudisha.

Mtu aliye katika hali hiyo anajua kitu kimoja kitakachomtuliza ndani ya dakika chache. Hapo ndipo sufuria za mama zinapopotea. Simu ya shangazi inapotea, nguo zilizoanikwa kwa jirani zinapotea. Simtetei, kuiba ni kuiba. Ninawaeleza kwamba kumpiga hakumwondolei arosto, na kijana huyu huyu ndiye tunayemsikia kila mara amezingirwa na watu wenye mawe na matairi. Wenyeviti, mko mbele yangu, nawaambia wazi: hakuna mtaa uliomaliza unga kwa kuua mateja. Muuzaji wa mtaa huo kesho anapata mteja mwingine, mdogo zaidi.

Sasa mama zangu. Wengi wenu mkigundua mnaficha. Mnaogopa maneno ya watu, mnaogopa posa ya binti itavunjika. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye ugonjwa huu kilio kinakuja kwa njia ambayo nataka muijue leo.

Mama mmoja wa huku kwetu alimfungia mwanawe chumbani na kufuli. Akampa uji dirishani, akavumilia kelele zote, mpaka kijana akatulia, akaanza kula, akanenepa. Akaja kwangu anashukuru Mungu. Nikamwambia, "Mama, hapo sasa ndipo pa hatari." Akanishangaa. Nami nawaambia ninyi nilichomwambia yeye. Mwili uliozoea unga unastahimili kiasi kikubwa. Ukikaa wiki kadhaa bila unga, ustahimilivu ule unaondoka. Kijana akitoka, akakutana na wenzake, akajidunga kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukata pale pale. Tunaona hivyo kwa waliofungiwa nyumbani, kwa waliotoka gerezani, hata kwa waliotoka nyumba za upataji nafuu, wanakokaa walioacha dawa, bila mpango wa kuwafuatilia. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma au anapumua kwa kusitasita, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji wala kumpa maziwa. Mlaze ubavu, angalia njia ya hewa iko wazi, mkimbize hospitali, na uwaambie madaktari ukweli kwamba ni unga. Ipo dawa inayoitwa naloksoni inayoweza kurudisha pumzi, lakini daktari ataitoa haraka akijua anashughulika na nini. Kuona haya mbele ya daktari kumepoteza watoto wa watu.

Njia iliyo salama zaidi ipo, na ipo karibu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, kwa waraibu wa heroini. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya serikali ya aina hii Tanzania Bara, na miongoni mwa za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Mwaka uliofuata ikaja Mwananyamala, kisha hapa kwetu Temeke, na baadaye mikoani: Mwanza, Mbeya, Tanga, Dodoma na kwingineko. Wizara ya Afya na Mamlaka wanafanya kazi hii pamoja, na dawa ni bure.

Naijua minong'ono. "Wanawapa unga wa serikali." Ngoja niwapeleke dirishani pale kliniki mwone. Mteja anafika asubuhi na kadi yake. Muuguzi anamtazama kwanza, kama amelewa au ana usingizi usio wa kawaida, hapewi. Kama yuko sawa, dawa ya maji inapimwa kwa mililita zilizoandikwa na daktari, inachanganywa na maji kwenye kikombe, anainywa pale pale, kisha anatakiwa aseme neno kabla ya kuondoka, ili ionekane hakubakisha mdomoni akaitemee nje na kuiuza. Anaanza na kiasi kidogo, kinapandishwa taratibu. Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, haimrushi juu kama sindano, inazuia arosto na inapunguza hamu. Kwa hiyo akitoka pale ana siku nzima mbele yake ambayo hatafuti kete. Anaweza kubeba zege, anaweza kuendesha bodaboda, anaweza kukaa na mtoto wake. Kesho anarudi. Jumapili anarudi, Idi anarudi, Krismasi anarudi. Wengine ni miaka. Mtu wa kisukari naye anatumia dawa miaka, na hatumsemi.

Niseme pia isichoweza. Methadoni ni kwa waliozoea heroini na jamii yake. Haimsaidii wa bangi, wa kokeini wala wa methamfetamini. Hao wanahitaji ushauri, kundi la kuwashika mkono, na muda.

Kliniki ilikuja pia kwa sababu ya VVU. Miaka ya 1990 vijana wa jiji hili walikuwa wanavuta unga. Miaka ya 2000 ilipoanza ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano zikaja nayo. Wakachangia sindano moja maskani nzima. Tafiti zilizofanyika jijini kabla ya kliniki kufunguliwa zilikuta maambukizi kwa wanaojidunga ni makubwa mara kadhaa kuliko kwa watu wengine, na kwa wanawake ndio usiseme. Ongeza homa ya ini, ongeza kifua kikuu. Wanawake hawa tunawaona wachache mno dirishani. Wana watoto, wanaogopa kunyang'anywa, na wengi wanaume wao ndio wauzaji. Mwenye ukumbi, taasisi au msikiti anayetaka kuanza jambo, aanze na hao.

Kinachowatoa wengi kwenye dawa kitawashangaza. Ni nauli. Mtu hana kazi, anatakiwa afike kila siku, kwenda na kurudi. Wanaoweza wanatembea, kutoka Mbagala mpaka hospitali kwa miguu. Siku mvua inaponyesha na barabara inajaa maji, dozi imepotea, na ikipotea siku kadhaa mfululizo anatakiwa kuanza upya na kiasi kidogo, kwa sababu ile ile ya ustahimilivu niliyoieleza. Mimi naamini kabisa, na nimesema hivi mbele ya wakubwa, kwamba shilingi inayowekwa kwenye nauli ya mraibu inafanya kazi kubwa kama shilingi inayowekwa kwenye boti ya doria.

Sasa pombe, kwa sababu mngeniuliza. Hapa nasema kwa masikitiko. Unga una Mamlaka, una sheria, una kamishna. Pombe, inayovunja nyumba nyingi zaidi kwenye kata hii, haina chombo cha namna hiyo. Ina leseni, ina kodi, ina matangazo yenye muziki mzuri. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, na ulikuwa uamuzi wa maana sana, kwa sababu kiroba kilikuwa kinaingia mfukoni mwa mwanafunzi kama pipi. Lakini pombe kali ya bei ya chini imehamia kwenye chupa ndogo, na gongo ipo, ingawa imekatazwa kisheria. Mwenye duka anayemuuzia mtoto wa chini ya miaka 18 anavunja sheria, na mwenyekiti wa mtaa anamjua kwa jina. Huhitaji kusubiri tume kutoka Dodoma.

Jingine kuhusu pombe ambalo watu hawalijui: mlevi wa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Arosto ya unga inatesa, ila kwa kawaida haiui. Ya pombe inaweza kuua. Anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo, anapata degedege. Mleteni hospitali, ataachishwa akiwa na dawa za kumlinda. Najua kuna maombi ya kufunga na kufungua, na siyazuii. Naomba tu mchungaji na shehe wamlete kwanza kwa daktari, kisha wamwombee akiwa salama.

Shuleni nitagusa kwa ufupi. Msiwatishe watoto kwa picha za maiti, mtoto akishavuta bangi mara moja akaona hajafa, hatawaamini tena. Waelezeni mambo kama nilivyowaeleza ninyi. Na mwalimu akimkuta mwanafunzi na dawa, asikimbilie kumfukuza. Aliyefukuzwa shule maskani inampokea siku hiyo hiyo.

Kwa wenyeviti nina ombi la kazi. Mraibu anayetaka matibabu mara nyingi anafika kupitia vikundi vya jamii vinavyowatembelea maskani, wengi wao wakiwa ni waraibu waliopata nafuu. Vijana hawa wakiingia mtaani kwenu wasisumbuliwe na sungusungu, watambuliwe. Mraibu akija kuomba barua ya utambulisho, aandikiwe bila kudaiwa chochote. Taarifa za wauzaji na wasafirishaji zipelekwe kwa Mamlaka, namba ni 119, kupiga ni bure, na si lazima ujitaje.

Na mzazi utakayemleta mtoto wako kwetu kliniki, njoo mwenyewe au mtume mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika, kaka, shangazi, hata jirani. Tutachukua namba yake ya simu kabla ya dozi ya kwanza, na siku kijana asipoonekana dirishani, huyo ndiye tutakayempigia.